Safari ya hifadhini na gari la umeme: anza na hesabu ya kutoka

Wengi wakipanga safari ya hifadhini na gari la umeme swali lao ni "nitafika?" Kufika utafika, jiulize utatokaje, sababu ndani ya geti mara nyingi chaja hamna na utazunguka humo siku nzima halafu bado urudi mpaka kwenye chaja ya mwisho uliyoipita.

Kwa hiyo fungua ramani utafute hiyo chaja ya haraka ya mwisho, halafu jumlisha: toka hapo hadi getini, mizunguko ya ndani, na njia ya kutokea. Tuseme betri ni ya uniti 60, ndo hizo kWh, na gari linakula uniti 18 kwa kilomita 100. Ukipiga hesabu ya betri nzima unapata kilomita 330 na kitu, lakini ukitoka na 80% na hutaki kushuka chini ya 15% umebaki na uniti 39, yaani kilomita kama 215. Panga kwa hiyo 215. Jumla yako ikizidi, jaza mpaka 100%, najua baada ya 80% inajaa polepole sana ila vumilia tu.

Sasa milima. Gari la tani 2 likipanda mita 1000 linakula karibu uniti 6 za ziada. Ukishuka sehemu kubwa inarudi, unatoa mguu kwenye eksileta gari linajishika lenyewe, unaona betri 41%, 42, 43, inapanda yenyewe unaangalia, raha sana aisee. Ila kama umelala juu usijaze 100% asubuhi, betri iliyojaa haina pa kuuweka huo umeme, utashuka kwa breki za kawaida mpaka zichemke. Acha kwenye 85 hivi.

Ndani ya hifadhi kwenyewe usiwe na wasiwasi, mwendo wa 40 unakula kidogo. Kinachomaliza betri ni barabara kuu na mzigo juu ya keria, na baridi. Hita ya viti inakula kidogo kuliko kupasha gari zima.

Pa kulala piga simu kabla, na usiulize "mna umeme?" maana watasema upo. Uliza kama kuna soketi pale gari linapopaki, kama wanaruhusu kuchaji usiku kucha, na kama jenereta huwa wanaizima. Soketi ya volti 230 ukivuta ampea 10 kwa masaa 10 unapata uniti 20 hivi, zaidi ya kilomita 100 umelala tu. Baada ya nusu saa rudi ushike plagi kwa mkono, ikiwa ya moto punguza ampea, na waya mwembamba wa kuungia usiutumie kabisa.

Halafu kila chaja iwe na mbadala wake. Niliwahi kufika kituoni usiku nina 9%, skrini nyeusi, na kingine kilikuwa kilomita 60 mbele, nikalala kwenye gari mpaka fundi alipokuja asubuhi. Siku hizi naangalia kwenye PlugShare, app ya kutafuta chaja, mtu wa mwisho amechaji lini pale na plagi ni ya aina gani, CCS au CHAdeMO, na ramani nadaunlodi kabisa kabla mtandao haujakata.

Na cheki kama gari lako lina tairi la spea, mengi ya umeme hayana, beba pampu na vifaa vya kuziba pancha.