SOMO: Kutoa kwa kuchukua kwa kutumia vijiti, Darasa la Pili

Walimu wenzangu, habari za kazi. Huu ni mwaka wangu wa pili kazini, nina watoto 84, watatu watatu kwenye dawati. Mwaka jana niliwapa 42 − 17 ubaoni, zaidi ya nusu wakaandika 35. Wametoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndivyo inavyowezekana, kisha 1 kwenye 4. Nikarudia maelezo yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Wakaandika 35 tena. Sasa nafanya hivi:

1. Siku moja kabla, kila mtoto alete vijiti 10 vya urefu wa kidole cha kati. Chelewa za fagio zinafaa sana. Kagua mlangoni, kwangu mmoja alileta kiberiti kizima.

2. Watoto wa dawati la mbele wageukie la nyuma. Hapo una kundi la sita bila kuburuta kitu.

3. Wafunge kumi kumi kwa kamba ya mgomba. Wafunge wenyewe, usiwafungie. Fungu ni kumi, kijiti kimoja ni moja.

4. Kila kundi liweke mafungu 4 na vijiti 2 juu ya dawati. Sasa sema: "Nipeni vijiti saba. Sitaki fungu."

Hapa nyamaza. Ndiyo hatua ngumu kuliko zote, maana mdomo wa mwalimu unawasha. Watahesabu vile viwili, watatazamana, wengine watachungulia chini ya dawati. Kwangu ilichukua kama dakika mbili, ndipo sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, tufungue moja?" Wakafungua. Yakabaki mafungu 3 na vijiti 12. Wakanipa saba, vikabaki vitano. Nikadai na fungu moja, yakabaki mawili. 25.

5. Baada ya hapo ndipo uende ubaoni. Kata 4, andika 3 juu yake. Ile 2 iwe 12. Kila unachoandika, waulize: "Hiki mlikifanya lini?"

6. Kesho yake wachore: mstari kwa fungu, nukta kwa kijiti. Halafu namba tupu.

Angalizo: nimeacha kusema "tunakopa kwa jirani". Mtoto mmoja aliniuliza, "Tutamrudishia lini?" Sikuwa na jibu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kelele je? Mwalimu wa darasa la jirani hatalalamika?
Jibu: Mwambie mapema, staha haigharimu kitu. Mimi napiga makofi mawili, wao wanajibu matatu na vijiti vinawekwa chini. Tulifanya mazoezi ya makofi peke yake kabla ya somo.

Swali: Kipindi ni nusu saa. Unamaliza vipi?
Jibu: Simalizi. Nachukua vipindi viwili vinavyofuatana, na mafungu yanafungwa kabla ya mapumziko. Kwenye andalio la somo naandika hivyo hivyo.

Swali: Kundi la watu sita, mmoja anafanya, watano wanatazama. Imenitokea.
Jibu: Hata mimi. Sasa anayeshika vijiti haruhusiwi kusema, na anayemwelekeza haruhusiwi kugusa. Kila hesabu wanabadilishana, wawili wengine wanaingia. Yule mjuaji ukimfunga mikono, utashangaa anavyohangaika kueleza.

Swali: Nafundisha la Tatu. Kwa 302 − 145 nitapata wapi vijiti vyote hivyo?
Jibu: Fanya mbele ya darasa kwa seti moja tu. Mafungu kumi funga pamoja yawe mzigo wa mia. Wana mizigo 3, hakuna fungu, vijiti 2, nawe unadai vijiti vitano. Wataparamia kutafuta fungu la kufungua na hawalioni, kwa hiyo watafungua mzigo kwanza: mafungu 10. Halafu wafungue fungu moja, yabaki 9 na vijiti 12. Ile 9 inayowasumbua ubaoni, hapo wanaihesabu kwa vidole vyao. Jibu ni 157, ila mwache mtoto alisome yeye kwenye vilivyobaki mezani.