Chati ya herufi kwa wanyama wetu: jinsi ya kujaza herufi ngumu, kuanzia U ya uduvi hadi Z ya zuwarde

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la awali hapa Tanga nilikuta ukutani chati iliyonunuliwa dukani. Kwenye Z palikuwa na picha ya pundamilia, na chini yake pameandikwa "pundamilia". Kwenye L alikaa simba, kwenye E tembo. Watoto waliimba kwa nguvu zote: "Ze, pundamilia! Le, simba!" Jicho linaona z, mdomo unatamka p. Aliyeitengeneza alichukua chati ya Kiingereza akabadilisha majina, mpangilio akauacha vilevile. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuligundua hilo. Anachojifunza ni kwamba herufi na sauti hazihusiani, na kumtoa hapo ni kazi ya mwaka mzima.

Niliishusha chati ile. Tangu hapo nazitengeneza mwenyewe, na mwalimu yeyote mwenye karatasi za manila na subira ya wiki mbili anaweza kufanya hivyo. Nitaeleza kwa mpangilio ninaoufuata, na nitakaa zaidi kwenye herufi zinazowashinda wengi.

Hatua ya 1: Jaza kwanza unachokijua

Chukua karatasi, andika herufi 24 za Kiswahili kutoka juu hadi chini. Q na X hatuna, na C haisimami peke yake, huandamana na H. Kando ya kila herufi andika majina ya wanyama yanayokujia kichwani, bila kufungua kamusi, kwa robo saa. Ndege, samaki na wadudu wahesabu pia; ni wanyama.

Utaona K, M, N, P na S zimejaa hadi pembeni: kiboko, kifaru, kinyonga, kobe, kasa, komba, mamba, mbuzi, mjusi, nyati, nyumbu, ngiri, nungunungu, nyegere, popo, pweza, sokwe, siafu. Hii haikutokea kwa bahati. Majina mengi ya wanyama yamo kwenye ngeli ya N, na kipande chake cha mbele ndicho hicho tunachokisikia katika ndovu, nguruwe, nyoka na mbuni. Wengine wamebeba ki- ya mbele. Kwa hiyo wanyama wetu wamebanana kwenye herufi chache, na irabu pamoja na R, V, W, Y na Z zikabaki tupu. Hizo tupu ndizo kazi yako.

Hatua ya 2: Weka mnyama mmoja, si wengi

Siku moja niliuliza darasani nani ana mnyama wa V. Mtoto mmoja akaruka juu: "Vyura!" Wenzake wakafuata: viboko, vifaru, viroboto. Hawakukosea hata mmoja, nami niliwapigia makofi. Lakini kwenye chati ukiandika "vifaru" kwa V na "kifaru" kwa K, umemchanganya mtoto ambaye bado anashika kwamba jina lina mwanzo wake. Weka sharti: jina liwe la umoja. Vyura wahifadhi kwa somo la umoja na wingi, huko watakufaa sana.

Hatua ya 3: Toka nje ukaulize

Majina ya herufi adimu hayapatikani kwa kukaa mezani. Nenda sokoni, nenda mwaloni wavuvi wanapoteremsha, kaa na bibi wa watoto wanapokuja kuwachukua. Hawa ndio niliowapata, na sababu ya kuwachagua.

U. Nilipewa na mama muuza samaki: uduvi. Ni kamba wadogo kabisa, wanaouzwa wakavu kwa lundo. Nilinunua wa shilingi mia tano nikampa kila mtoto mmoja kiganjani. Ukimwangalia kwa mbali ni kijiti cha rangi ya waridi iliyofifia. Mlete karibu na jicho, utaona mwili umejikunja kama ukucha, na kichwani nukta mbili nyeusi zisizozidi ncha ya kalamu ya risasi. "Mwalimu, ana sharubu!" Ndiyo, anazo, na kwenye mkavu hukatika ukimshika vibaya. Watoto hao walikuwa wamekula uduvi tangu wanaachishwa ziwa, lakini siku hiyo ndipo walipojua kwamba kila mmoja ana macho yake. Sauti u ilikaa bila kurudiwa.

Liko pia jina usubi, yule inzi mdogo anayeuma na kuzaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Watu wa Muheza na Korogwe wanamjua kwa ugonjwa wa macho anaoueneza, ambao nao unaitwa usubi. Simweki kwenye chati ya awali, kwa kuwa kwa wengine nyumbani jina hilo ni la babu aliyepoteza macho. Ukifundisha madarasa ya juu, mtumie, tena uueleze na ugonjwa wenyewe.

V. Vunjajungu. Huyu ndiye kipenzi changu. Alitua kwenye nondo za dirisha saa nne asubuhi, wa kijani, na nusu ya darasa ikarudi nyuma: "Usimguse, utavunja chungu!" Wamefundishwa nyumbani, na jina lenyewe limetokana na imani hiyo, kwamba anayemgusa atavunja chombo atakachokishika baadaye. Nilimtia kwenye chupa ya plastiki niliyoikata shingo, nikafunika kwa kitambaa chepesi, nikaingiza inzi mmoja. Miguu yake ya mbele ina meno kama msumeno, huikunja kama mtu aliyeinua mikono kuomba. Ukipitisha kidole, kichwa kinageuka kukufuata, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi. Inzi aliposogea, miguu ilifyatuka, na watoto hawakuona mwendo wake, waliona tu kwamba inzi kashikwa. Mchana tulimwachia kwenye mpera, na hakuna chungu kilichovunjika.

Angalizo la tahajia: mdudu ni neno moja. "Vunja jungu" kwa maneno mawili ni ile karamu ya kuagana na kula mchana kabla ya Ramadhani. Mzazi mmoja aliniuliza kwa heshima kabisa kwa nini nimechora mdudu kwenye jina la karamu, tukakaa tukalizungumza.

W. Wibari. Wengi wetu tunamjua kwa jina la pimbi, na pimbi angeweza kukaa kwenye P. Lakini pimbi ni neno ambalo watoto humtupia mwenzao mfupi, na mwaka mmoja nilikuwa na mtoto aliyekuwa akilia kila tunapofika kwenye kadi hiyo. Niliitoa. Wibari ni mnyama yuleyule, jina halina mwiba, na herufi W ikapata mwenyeji. Anaishi kwenye miamba, umbo kama sungura asiye na masikio marefu wala mkia. Kwenye mawe ya Serengeti utamwona asubuhi akiota jua na jamaa zake, na kwenye kisiwa cha Saanane pale Mwanza anakaribia watu bila hofu kubwa. Nyayo zake ni laini na zenye unyevu, ndiyo maana hatelezi kwenye jiwe lililosimama. Na jamaa yake wa karibu miongoni mwa wanyama wa nchi kavu ni tembo. Waambie watoto hilo halafu uwape nafasi ya kubisha, ni somo zima.

R. Ruba. Msemo unao tayari: kung'ang'ania kama ruba. Picha yake ni ngumu kuchora kwa sababu ni mstari mweusi tu, kwa hiyo nilikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, nikaubandika upande mmoja. Mtoto anauvuta, unarefuka, anauachia, unarudi. Ruba mwenyewe huenda hivyohivyo kwenye maji.

Y. Yangeyange. Huyo mweupe anayetembea nyuma ya ng'ombe, akidaka panzi wanaoruka kwato zinapopita. Kila mtoto amemwona. Wengi hawajawahi kumsikia akiitwa kwa jina, humwita "ndege mweupe".

I. Inzi. Wapo wanaosema nzi, na yote mawili ni sahihi, lakini I inamhitaji zaidi kuliko N.

L. Lumbwi, jina jingine la kinyonga. K haitamkosa.

Z. Zuwarde, wengine humwita zawaridi: ndege mdogo wa kijivu, kichwa cheusi, shavu jeupe, mdomo mwekundu mpana. Asili yake ni visiwa vya Java na Bali, akaletwa Unguja na Pemba na watu waliopenda kufuga ndege. Anapenda mpunga. Darasani kwangu hakuna aliyewahi kumwona, ila picha yake ni rahisi kupaka rangi na hafanani na mwingine.

O. Okapi. Jina limetoka kwenye lugha za watu wa msitu wa Ituri, Kongo, na sisi tumelichukua kama lilivyo. Watoto wakimwona miguu yenye milia husema punda milia; waonyeshe shingo na ulimi, kwani nduguye hasa ni twiga. Ulimi wake unafika kwenye macho na masikio yake mwenyewe. Wanasayansi wa Ulaya walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1901, wakati watu wa msituni walikuwa wakimwita kwa jina tangu zamani. Leo kuna hifadhi yake pale Epulu, iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 1996.

A na E nimezipa wageni: alpaka wa milima ya Andes na emu wa Australia. Nawaambia watoto wazi kwamba hawa wametoka mbali. Kuna walimu wanaoweka ananasi na embe hapo. Ni sawa kwa chati ya vitu, ila kwenye chati ya wanyama mtoto atakuuliza embe lina miguu mingapi.

Hatua ya 4: Hakiki

Kila jina lipite kwa watu wawili wasiojuana na kamusi moja. Ukiona mtu wa pili anamtaja mnyama mwingine kwa jina hilo, weka kando hadi upate wa tatu. Angalia pia jina lisimguse mtoto uliye naye. Pofu, swala yule mkubwa, ni jina zuri, lakini nikiwa na mtoto mwenye shida ya macho namwita mbunju.

Hatua ya 5: Tengeneza kadi

Kata manila moja vipande vinane sawa. Manila tatu zinakutosha. Juu kushoto andika herufi kubwa na ndogo kwa kalamu ya maka, ndogo iwe na urefu wa kiganja cha mtoto. Katikati picha, chini jina lote, na herufi ya kwanza kwa rangi tofauti. Usiandike jina lote kwa herufi kubwa, kwani mtoto atakutana na herufi ndogo vitabuni.

Manila ikikosekana, tumia karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji. Ikung'ute vizuri nje, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu, iache ikauke. Hudumu kuliko manila.

Kitu halisi unachobandika, kama uduvi, kifunike chote kwa selotepu pana hadi pembeni. Mara ya kwanza sikufanya hivyo. Tuliporudi Jumatatu sisimizi walikuwa wamemaliza uduvi, wakabakiza alama ya gundi.

Hatua ya 6: Tundika chini

Chati nyingi zimetundikwa usawa wa macho ya mkaguzi. Wewe piga misumari miwili usawa wa kifua cha mtoto, funga kamba, ning'iniza kadi kwa vibanio vya nguo ili ziweze kutolewa. Kila asubuhi mtoto mmoja anachomoa kadi, anatamka sauti, anataja mnyama, anamrudisha mahali pake. Anza na herufi mbili kwa wiki, moja iliyojaa na moja adimu: M na V, K na U. Usianze na A kwa sababu tu iko mbele.

Nyuma ya kila kadi andika kwa kalamu ya risasi aliyetupa jina: "mama wa sokoni", "babu wa mwaloni". Na weka kadi tatu tupu kwenye boksi, maana watoto wakishajua unatafuta majina, watayaleta. Juzi mmoja kaja na dudumizi, yule ndege anayelia mvua ikikaribia, kaambiwa na bibi yake. Jirani yake akakataa katakata: kwao anaitwa tipitipi. Nikawachorea ndege huyohuyo kwenye kadi mbili, moja ikaenda D karibu na duma, nyingine T karibu na twiga.