Kabla hujazima ABS ya pikipiki ya umeme ukaingia porini

Swali ninaloulizwa sana na watu wenye pikipiki za umeme ni swichi ya kuzima ABS (mfumo unaozuia tairi kufunga, yaani kuacha kuzunguka, ukishika breki) iko wapi, na mi huwa najibu kwa kuuliza: ukiachia eksileta kwenye mteremko, tairi la nyuma linashikwa na nani? Wengi wanakaa kimya hapo. Kwenye pikipiki ya mafuta unajua ni injini na gia. Kwenye ya umeme ni mota yenyewe, ukiachia tu inageuka kuwa jenereta, inarudisha chaji kwenye betri na inakata mwendo, ndo hiyo watu wanaita rijeni. Sasa kwenye modeli nyingi ABS inashughulika na presha ya mafuta ya breki tu, mota haiigusi, kwa hiyo unaweza kuwa na ABS imewashwa kabisa na bado tairi la nyuma likaserereka kwenye kokoto bila wewe kugusa breki yoyote. Kuna modeli za karibuni ambazo kompyuta ya breki inaongea na mota na inapunguza rijeni tairi likianza kuteleza, ila lazima ujue yako ni ipi kabla hujaanza kubonyeza vitu.

Kwa hiyo jambo la kwanza liko kwenye rijeni, ABS itasubiri. Ingia kwenye modi za pikipiki yako uishushe, kwa porini mi naanza na kiwango cha chini kabisa, alafu naongeza kidogo kidogo nikishaona udongo ukoje. Hapa kuna kitu kinawashtua watu: betri ikiwa imejaa haina pa kuweka umeme, kwa hiyo rijeni inapungua sana au inakata kabisa, na betri ikiwa ya baridi inakuwa hivyo hivyo. Yaani umechaji hadi 100 ukaanza safari juu ya mlima, kona mbili tatu za kwanza pikipiki inateremka kama haina mtu, unazoea kushika breki kwa nguvu, baadaye betri ikishuka kidogo rijeni inarudi, mkono wako bado una ile nguvu ya mwanzo, tairi la nyuma linafunga. Ukijua unaanza na mteremko usijaze betri mpaka juu, basi.

Sasa ABS yenyewe, kwa nini mtu aizime. Kila tairi lina pete yenye meno au matundu karibu na diski na sensa inahesabu yanavyopita, kompyuta ikiona tairi linapoteza kasi ghafla inaachia presha, inarudisha, inaachia tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kwenye lami hasa ya mvua hicho kitu kimeokoa watu wengi mno na sina ugomvi nacho hata kidogo. Shida ni mchanga na changarawe iliyolegea, kule tairi lililofunga linachimba na kujikusanyia kichuguu cha udongo mbele yake na hicho kichuguu ndo kinakusimamisha. ABS hairuhusu tairi lichimbe, kwa hiyo kwenye mteremko wa kokoto unashika breki, mkono wa breki unakupiga piga vidoleni trrr trrr, na pikipiki inaendelea kushuka tu. Hata Umoja wa Ulaya walipoilazimisha ABS kwa modeli mpya za pikipiki kubwa kuanzia 2016, zile za enduro na trial, yaani zilizotengenezwa kwa ajili ya porini na kupanda mawe, waliziacha nje ya sharti hilo.

Lakini hiyo hoja ya kichuguu ni ya tairi la nyuma zaidi. La nyuma likifunga linayumba, unaachia, linarudi. La mbele likifunga usukani haukusikilizi tena na uko chini kabla hujafikiria neno. Kwa hiyo pikipiki yako ikikupa chaguo la kuzima nyuma tu na kuacha mbele, chukua hilo na usione aibu, mimi mwenyewe sehemu nyingi naenda hivyo hivyo. Kuzima zote mbili ni kwa mtu ambaye kidole chake kimeshajifunza kuachia breki ya mbele chenyewe. Na kumbuka pikipiki nyingi za umeme hazina klachi, mkono wa kushoto ama hauna kazi ama umewekewa breki ya nyuma, aliyetoka kwenye pikipiki ya mafuta siku za kwanza anashika kushoto akidhani ni klachi, akiwa na ABS off hapo ni vumbi tupu.

Njia ya kuzima ni ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kwa kawaida ukiwa umesimama unashikilia kitufe sekunde kadhaa au unaingia kwenye menyu mpaka taa ya ABS ibaki inawaka au ije alama ya off. Kuchomoa fyuzi ndo njia ya mkato inayopendwa na siipendi, kwa sababu zile sensa za tairi hazifanyi kazi ya ABS peke yake, kwenye modeli nyingine zinalisha spidomita, traksheni kontro (inayozuia tairi la nyuma lisiteleze ukiongeza mwendo) na hata rijeni, unachomoa fyuzi moja unapoteza vitu vinne na kompyuta inaandika hitilafu ambayo fundi ataiona. Fyuzi hizo ni za volti 12 hazina shida, ila ukiwa umefungua makava na ukakutana na nyaya nene za rangi ya chungwa, hizo ni za betri kubwa, mkono toa. Bima nayo isome kabla, kampuni ikikuta mfumo wa breki umechokonolewa inaweza kukugomea.

Mkosi wangu ulikuwa mdogo na wa kijinga. Nilizima ABS ya nyuma chini, nikapanda vizuri, juu nikasimama kunywa maji nikazima na ufunguo kabisa kuokoa betri. Kuwasha tena sikuangalia dashibodi. Kumbe pikipiki nyingi ukizima na kuwasha ABS inajirudisha yenyewe, imetengenezwa hivyo makusudi. Nimeteremka kama mita 30 nakanyaga breki ya nyuma nitegemee tairi lichimbe, mguu unatetemeshwa tu, kona inakuja, nikaishia kwenye majani marefu. Hakuna kilichovunjika zaidi ya kioo kimoja cha pembeni. Tangu siku hiyo kila nikiwasha macho yanaenda kwenye ile taa kwanza, asilimia ya betri baadaye.

Vingine fanya haraka haraka: pedi ziwe na nyama, presha ya matairi ishuke kidogo kwa udongo ila sio mpaka rimu igonge mawe, mkono wa breki usiwe mbali na vidole viwili. Alafu tafuta sehemu tambarare ya udongo, nenda kilomita 20 hadi 30 kwa saa, shika breki ya nyuma kwa nguvu, kwanza ABS ikiwa imewashwa, kisha imezimwa mpaka tairi lifunge, rudia mpaka uchoke. Umeme una zawadi moja hapa, hakuna kelele ya injini, unalisikia kabisa tairi likiacha kuzunguka na kuanza kukwaruza, lile sauti la kokoto linabadilika kabla hata mwili haujahisi. Lizoee hilo sauti, porini litakusaidia kuliko dashibodi.

Ukifika lami simama kabisa kando, zima kwa ufunguo, subiri skrini ife yote, washa. Taa ya ABS ianze kupepesa, ondoka taratibu, na ndani ya mita chache za mwanzo ikishapata mwendo inatakiwa izimike yenyewe. Ikiendelea kuwaka usiongeze spidi, simama tena, angalia sensa pale karibu na diski kama haijajaa tope, lifute kwa kidole, rudia.