Jinsi ya Kumlalamikia Hakimu au Jaji wa Kesi ya Nyumba Nchini Kenya

Umeshindwa kesi na mwenye nyumba, na unaamini haki haikutendeka. Kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize: unapinga uamuzi, au mwenendo wa aliyeutoa?

Ikiwa hakimu alikosea kuusoma mkataba wa upangaji au alizipuuza risiti zako za kodi, hilo ni la rufaa. Kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi una siku 30. Kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufaa, notisi huwasilishwa ndani ya siku 14. Na tafadhali shika hili: malalamishi hayazuii kufurushwa. Usikae ukingoja jibu la barua huku vyombo vyako vinatupwa nje. Ombi la kusimamisha utekelezaji wa amri hupelekwa mahakamani, na unaweza kufuata njia zote mbili kwa pamoja.

Mwenendo ni mambo kama kuitisha hongo, matusi, kuzungumza faraghani na upande mmoja, kusikiliza kesi ya jamaa yake, au kukalia hukumu. Katika kesi za madai, kanuni zinataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 baada ya kesi kukamilika. Zikipita, jaji anapaswa kuandika sababu, na nakala ipelekwe kwa Jaji Mkuu.

Sasa andika. Taja nambari ya kesi, mahakama, jina la afisa na tarehe, kisha ueleze tukio lenyewe. “Hakimu ana upendeleo” haimsaidii mchunguzi. Andika hivi: “Tarehe 4 Machi, kabla ya kesi kuitwa, wakili wa mwenye nyumba aliingia ofisini kwa hakimu peke yake. Karani na mpangaji mwenzangu walimwona.” Ambatisha nakala za amri, mwenendo wa kesi na ujumbe wa simu. Nakala halisi baki nazo.

Kama tatizo ni faili kupotea au kesi kuahirishwa kila mara, anzia kwa Ombudsman wa Mahakama, ofisi inayopokea malalamishi kuhusu huduma za mahakama. Shutuma nzito dhidi ya hakimu hupelekwa kwa Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, ambayo kifungu cha 172 cha Katiba kinaipa uwezo wa kumchunguza, kumwadhibu au kumwondoa. Hongo iripoti pia kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, na mapema, kabla pesa hazijatolewa.

Jaji ana njia yake, iliyo ndefu zaidi. Chini ya kifungu cha 168, mtu yeyote anaweza kuwasilisha kwa JSC ombi la maandishi la kumwondoa, likieleza ukweli unaotegemewa. Sababu zinazokubalika ni chache: kutoweza kufanya kazi kwa maradhi ya mwili au akili, kukiuka maadili ya kazi, kufilisika, kutomudu kazi, au utovu mkubwa wa nidhamu. Tume ikiridhika, humpelekea Rais ombi hilo, naye ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo la kumchunguza.

Unapowasilisha, hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Na ikiwa kesi ingali mbele ya afisa huyohuyo, mwombe rasmi ajiondoe, ukitoa sababu zako kwa kiapo. Akikataa, uamuzi huo nao unaweza kuukatia rufaa.