Kitenzi "pick up" na Matumizi Yake

Anayewapokea wageni Unguja, bandarini Malindi au katika Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume hawezi kukikwepa kitenzi cha Kiingereza "pick up", kwani ndicho mgeni anachokitumia anapotaka afuatwe kwa gari. Ukiambiwa "Pick us up at seven", ujue ni saa moja kwa hesabu yetu, na uulize mapema kama ni ya asubuhi au ya usiku.

Linalowatatiza wengi ni mahali pa kuweka kiwakilishi. Nomino huweza kuja katikati au mwisho, hivyo "pick the guests up" na "pick up the guests" ni sahihi zote mbili. Lakini viwakilishi kama "me", "him" na "them" hukaa katikati tu. Anayesema "pick up them" huenda akaeleweka, ila ni kosa, na ni vyema lirekebishwe kabla halijawa mazoea.

Maana hubadilika kufuatana na kile kinachotajwa. Kwa kitu kilichoanguka chini ni kukiokota, kwa bili ya chakula ni kuwalipia wenzako, kwa simu ni kuipokea, na hapo kitenzi huweza kusimama peke yake: "I called, but she didn't pick up." Kwa lugha ni kuipata kwa kusikiliza na kuzungumza bila ya kukaa darasani, na kwangu hii ndiyo maana tamu kuliko zote, kwa kuwa "He picked up Italian in Nungwi" ni sifa wanayoistahiki vijana wengi wa pwani yetu. Aliyekisomea Kiitaliano chuoni, kwake tumia "learned".

Upepo wa kusi ukizidi nguvu, nahodha atawaambia abiria "The wind is picking up", na biashara ikichangamka baada ya masika husemwa vilevile "Business is picking up". Katika maana hizi mbili hakuna yambwa, yaani kitu kinachotendwa, inayofuata.

Tahadhari moja: kum-"pick up" mtu usiyemjua, hasa kwenye baa, humaanisha kumtongoza. Kwa hiyo unapoahidi kumfuata mgeni, taja mahali na saa: "I'll pick you up from your hotel at nine."

Katika matamshi, mkazo wa kitenzi huwa kwenye "up", ilhali nomino "pickup" huandikwa neno moja na kukazwa silabi ya kwanza. "Picked" nayo ni silabi moja tu, inayoishia kwa sauti ya t, na ikifuatwa na "up" husikika kama "piktap".