Kupima udongo wa viungo katika ukuta wa zamani wa matofali

Ukitaka kukarabati nyumba ya zamani Lubumbashi, usianze na saruji. Tambua kwanza kilichounganisha matofali, yaani udongo ulio kwenye viungo (nafasi kati ya tofali na tofali).

Chukua kipande cha udongo huo kutoka kina cha sentimita 3 hivi. Cha juu kimeshaharibiwa na mvua na rangi. Kikaushe, kiponde taratibu kwa mti bila kusaga mchanga, kisha pima gramu 20. Kilowanishe, ndipo uongeze kidogo kidogo asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10 (asidi humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi). Vaa miwani na glavu, fanyia nje. Povu likiisha kabisa, chuja, osha, kausha, pima tena. Ikibaki gramu 15, basi gramu 5 zilizoyeyuka ni chokaa kwa sehemu kubwa. Matope mekundu yakitanda juu ya mchanga, kulikuwa na udongo wa mfinyanzi. Mchanga wenye chembe za mawe ya chokaa hudanganya, kwa sababu nao huyeyuka.

Mchanga uliobaki uchekeche: rangi na ukubwa wa chembe zake ndivyo utakavyotafuta katika mchanga mpya.

Kwa kiungo cha milimita 10, kwangua milimita 20 hadi 25, lowesha tofali, jaza kwa chokaa 1 na mchanga 3, funika kwa magunia mabichi siku kadhaa, hasa kiangazi. Saruji ni ngumu kuliko tofali hilo: maji hukosa njia kwenye kiungo, hutokea usoni mwa tofali pamoja na chumvi, na uso hubanduka.