Kabla ya kumleta shuga glaida nyumbani

Shuga glaida ni mnyama mdogo wa Australia anayeruka kwa kuelea kutoka mti hadi mti. Anza na sheria. Huko Marekani, majimbo ya California, Alaska na Hawaii yanakataza kumfuga, na hata kwao Australia, jimbo la Victoria linatoa kibali lakini New South Wales iliyo jirani hairuhusu.

Kwa macho yale makubwa, na kulala mchana na kuruka usiku, aliyekulia pwani atamwona ni komba. Huyu lakini ni jamaa wa kangaruu: mtoto hukulia mfukoni mwa mama. Basi mtafute mapema daktari wa mifugo anayewajua wanyama wa aina hii, maana wengi wamezoea mbwa na paka tu. Mnyama mwenye gramu mia moja na kitu huficha ugonjwa, na akishagoma kula hali hubadilika haraka.

Usinunue mmoja. Porini hulala kwa makundi kwenye mapango ya miti, na mpweke hufikia hata kujing'ata mkia mpaka damu. Chukua wawili, dume ahasiwe kama huna mpango wa watoto.

Penye makosa mengi ni chakula. Kwao hula utomvu wa mikalitusi, gundi ya miakasia, nekta na wadudu. Mfugaji mgeni humjazia matunda kwa sababu anayapenda, lakini matunda mengi yana kalsiamu kidogo kuliko fosforasi, na mwili hufidia kwa kuichota kwenye mifupa. Utakuja kumwona anaburuta miguu ya nyuma. Kalsiamu inatakiwa iwe kama maradufu ya fosforasi, na hilo halipatikani kwa kukisia: chukua mpango mmoja kamili aliouridhia daktari, uufuate wote, usiokoteze vipande huku na kule. Chokoleti na vitunguu, hapana.

Kizimba kiwe kirefu kwenda juu, angalau sentimita 60 kwa 60 kwa 90, nafasi kati ya vyuma isizidi sentimita 1.25. Chumba kiwe na joto la nyuzi 24 hadi 27. Gurudumu la kukimbilia lisiwe na mhimili katikati, kwani mkia hunaswa. Mfuko wa kulalia usiwe na nyuzi zinazoning'inia, hunasa kucha. Kuhusu michezo, sioni haja ya vitu ghali: wadudu waliofichwa kwenye vikombe vya karatasi, na tawi bichi la mkalitusi lisilopuliziwa dawa la kubanduliwa magamba, vinawatosha usiku kucha.

Na usiku kucha ni kweli, wanabweka kama vitoto vya mbwa. Ukiwafungulia chumbani, zima pangaboi, mtoe paka, funika choo, huzama humo.

Wanaweza kuishi miaka 10 hadi 12, wengine zaidi, kwa hiyo mpate mapema mtu wa kuwalisha ukisafiri. Siku za mwanzo watakufokea ukisogea. Weka kwenye mfuko wao kipande cha fulana uliyoivaa, wazoee harufu yako kabla hujawashika.